Ukingo wa Bati: Historia ya Ndege, Uchovu wa Metali na Nuru ya Yakuti

Upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, katika miamba ya marumaru ya Matombo, hupatikana yakuti nyekundu ambayo wachimbaji huiita rubi. Jiwe hilo huchongwa na kuuzwa kwa ajili ya pete na mikufu, na ndivyo watu wengi wa Morogoro wanavyolijua. Lakini mwanakemia akiulizwa rubi ni nini, atajibu kwamba ni alumini iliyoungana na oksijeni, pamoja na kiasi kidogo sana cha kromiamu kinachoipa wekundu wake. Alumini hiyohiyo, ikitenganishwa na oksijeni na kuchanganywa na shaba au zinki, huwa bati linalofunika mabawa na kiwiliwili cha ndege ndogo zinazotua katika uwanja wa Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi.

Mwaka 1960 kijiti cha rubi kilitoa leza ya kwanza duniani, na baada ya muda leza ikawa chombo cha kukatia na kutobolea mabati. Hivyo watoto wawili wa alumini, jiwe na bati, wakakutana karakanani. Tangu wakutane, wahandisi wa ndege wamekuwa wakiuliza swali moja: bati la ndege likiguswa na leza, maisha yake hufupika au hurefuka? Majibu ni mawili, na yote ni ya kweli. Ili yaeleweke inatupasa kuanza mbali, kabla ya ndege na kabla ya leza, wakati wahandisi walipokuwa hawajui bado kwamba metali huchoka.

Elimu hiyo ilizaliwa migodini na kwenye reli. Mwaka 1829 Wilhelm Albert, msimamizi wa migodi katika milima ya Harz nchini Ujerumani, alichunguza kwa nini minyororo ya kupandishia mawe ilikatika ingawa haikubebeshwa mzigo uliozidi uwezo wake. Aliunda mashine ya kuipakia na kuipakua minyororo hiyo tena na tena, na akaona kwamba wingi wa mara ndio ulioikata. Mei 1842 treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles iliacha reli baada ya ekseli ya injini kuvunjika, na makumi ya abiria wakafa. Wataalamu wakagawanyika. Wapo waliosema kwamba kutikiswa kwa muda mrefu hukibadilisha chuma kote ndani, kikageuka kuwa fuwele na kukosa unyumbufu. William Rankine wa Uskoti alisema vingine mwaka 1843: ufa huanza juu, mahali ekseli inapopungua unene kwa ghafla, kisha hujongea ndani kidogo kidogo hadi chuma kilichosalia kisiweze kubeba mzigo.

Hoja ya kwanza ilipendwa kwa sababu uso wa chuma kilichovunjika humeremeta punje. Hata hivyo punje hizo zilikuwamo tangu chuma kilipoganda. Kuvunjika kulizifichua tu. Rankine ndiye aliyekuwa sahihi, na jambo aliloliona, kwamba metali huanza kufa kwenye uso wake, ndilo litakalotuongoza hadi kwenye leza.

August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, aliyageuza mawazo haya kuwa vipimo. Tangu miaka ya 1850 hadi 1870 alizungusha vipande vya ekseli chini ya mizigo mbalimbali na kuhesabu mizunguko hadi kila kimoja kivunjike. Mzigo ukipunguzwa, mizunguko huongezeka. Na kwa chuma alikuta mzigo mdogo ambao chini yake kipande hakivunjiki hata kikizungushwa mamilioni ya mara. Treni ya Reli ya Kati ilipoingia Morogoro mwaka 1907, matokeo ya Wöhler yalikuwa yamekwisha kuchapishwa kwa zaidi ya miaka 30. Jambo moja halikujulikana bado, nalo ni zito kwa habari yetu: alumini haina mzigo wa salama wa namna hiyo. Hata mzigo mdogo, ukirudiwa vya kutosha, hatimaye utaipasua. Kwa hiyo ekseli ya chuma inaweza kuundwa isichoke kamwe, lakini bati la ndege huhesabiwa siku zake tangu linapotoka kiwandani.

Wakati mafundi na vibarua wakitandika mataruma kati ya Dar es Salaam na Morogoro, mtaalamu wa metali aitwaye Alfred Wilm alikuwa akifanya kazi karibu na Berlin. Alitakiwa kuipata alumini ngumu, kwa kuwa alumini tupu ni nyepesi lakini laini mno. Mwaka 1906 alichanganya alumini na takriban asilimia 4 ya shaba pamoja na magnesiamu kidogo, akaichoma hadi karibu nyuzijoto 500, kisha akaizamisha majini. Alipoipima mara moja, ugumu ulikuwa wa kukatisha tamaa. Kipande kilekile kilipopimwa tena baada ya mapumziko ya mwisho wa juma kilikuwa kimekuwa kigumu zaidi, na hapakuwa na mtu aliyekigusa. Aloi hiyo ilianza kuuzwa kwa jina la duralumini.

Wilm hakujua sababu. Maelezo ya kwanza yenye nguvu yalitolewa na Paul Merica na wenzake nchini Marekani mwaka 1919, na mwaka 1938 eksirei za Guinier na Preston zikayathibitisha. Joto huyeyusha shaba ndani ya alumini kama sukari inavyoyeyuka katika chai ya moto. Maji baridi huifungia humo kabla haijapata nafasi ya kujitenga. Kisha, katika siku zinazofuata, chembe za shaba hukusanyika katika vishada vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo huzuia tabaka za fuwele zisiteleze. Bati linakuwa gumu kwa sababu ya vishada hivyo. Msomaji akumbuke sharti lililomo: ugumu huo uliletwa na joto lililodhibitiwa, na joto lisilodhibitiwa linaweza kuuondoa. Vishada vikichemshwa upya huyeyuka au huvimba kupita kiasi, na bati hurudi kuwa laini mahali hapo.

Ndege za kwanza kuonekana juu ya Uluguru hazikuwa na bati hilo. Waingereza walipoingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na Wajerumani wakarudi nyuma wakiizunguka milima pande zote mbili, ndege za kikosi cha 26 zilizowapelelezea zilikuwa zimefunikwa kwa kitambaa. Duralumini ilikaribia kufika nchini kwa njia nyingine mwaka uliofuata. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo cha angani L59, chenye urefu wa mita 226 na kiunzi cha duralumini, kiliondoka Jambol nchini Bulgaria kikiwa na takriban tani 15 za dawa, risasi na vifaa kwa ajili ya jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Lettow-Vorbeck katika Afrika Mashariki. Hakikutarajiwa kurudi. Kilikuwa kibomolewe huku huku, kitambaa chake kiwe mahema na mavazi, na kiunzi chake kitumike kujengea minara ya redio. Tarehe 23 Novemba, kikiwa juu ya Sudan, kiliamriwa kigeuke. Hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba Waingereza waliwadanganya Wajerumani kwa ujumbe bandia. Lakini maelezo yanayoafikiana zaidi na mwenendo wa vita ni kwamba Berlin yenyewe ilipata habari kuwa eneo lililokusudiwa kwa kutua limekwisha kuchukuliwa. Kilirejea Jambol baada ya kusafiri saa 95 bila kutua, na duralumini haikukanyaga ardhi yetu kwa safari hiyo.

Miaka ya 1920 na 1930 ndege zikaacha mbao. Marekani ilitoa mwaka 1931 aloi ya shaba inayojulikana leo kwa namba 2024. Kampuni ya Sumitomo ya Japani ikapata katikati ya muongo huo aloi ya zinki yenye nguvu kubwa zaidi, na Alcoa ya Marekani ikaingiza sokoni mwaka 1943 aloi ya jamii hiyo iliyopewa namba 7075. Aloi hizi mbili, zikiboreshwa, bado ziko angani. Ya kwanza husifiwa kwa kuvumilia ufa, ndiyo maana huwekwa kwenye kiwiliwili na chini ya mabawa. Ya pili ina nguvu kubwa lakini ufa ukianza hauna subira.

Somo kuu la uchovu lilipita Afrika Mashariki. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ya kampuni ya de Havilland, yenye namba G-ALYP, iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, kisha Entebbe, na kutoka Ziwa Viktoria ikaelekea Livingstone. Ili iruke juu ya dhoruba, ilipanda hadi mahali ambapo hewa ni haba mno kwa mtu kupumua, kwa hiyo hewa ilishindiliwa ndani ya kiwiliwili. Kila ilipopaa bati lilivimba. Kila ilipotua likanywea. Uganda ilikuwa mojawapo ya vituo ambapo pumzi hizo zilihesabiwa, ingawa hakuna aliyezihesabu wakati huo.

Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyohiyo, ikitokea Asia, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba muda mfupi baada ya kuondoka Roma. Watu 35 wakafa. Comet zilisimamishwa, zikarekebishwa mambo mengi yaliyoshukiwa, zikaruhusiwa tena. Tarehe 8 Aprili nyingine, G-ALYY, ikiwa katika safari ya London hadi Johannesburg, ilianguka baharini karibu na Napoli na watu 21. Dhana zilikuwa nyingi: bomu, moto, kipande cha injini kuruka na kukata tangi la mafuta. Kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, chini ya Arnold Hall, kiliamua kuuliza metali yenyewe. Comet nzima ilizamishwa kiwiliwili chake katika tangi la maji, na maji yakashindiliwa ndani na kutolewa, mara baada ya mara, kuiga safari. Maji yalitumika kwa sababu hewa ingelipuka na kuharibu ushahidi. Baada ya jumla ya mizunguko 3,057, ikijumuishwa ile ambayo ndege ilikuwa imeruka kweli, kiwiliwili kilipasuka. Ufa ulianzia kwenye tundu la kifungio karibu na kona ya uwazi uliokatwa kwenye bati.

Hapa pana maelezo mawili yanayoshindana hadi leo. Maelezo ya mtaani, yanayorudiwa katika vitabu vingi, ni kwamba Comet ziliuawa na madirisha ya mraba. Yana ukweli: kona huukusanya mkazo, na Farnborough ilikadiria kwamba pembeni mwa uwazi bati lilibeba takriban asilimia 70 ya nguvu inayoweza kulivunja kwa mara moja. Lakini ufa wa G-ALYP ulianzia juu ya paa, kwenye uwazi wa antena ya redio, tena kwenye ribiti. Na matundu ya ribiti hizo yalikuwa yametobolewa kwa kugongwa badala ya kuchimbwa kwa keekee. Tundu la kugongwa huwa na kingo zilizochanika kidogo, na kila mchaniko ni ufa uliokwisha kuanza. Kwa maoni yangu umbo la uwazi lilieleza ni wapi Comet zingepasuka, na hali ya ukingo wa tundu ikaeleza kwa nini zilipasuka mapema hivyo.

Kuna jambo jingine, nalo husahauliwa ingawa ndilo lenye mafunzo mengi zaidi kwa hadithi ya leza. De Havilland hawakuwa wazembe. Kabla ya ajali walikuwa wamejaribu sehemu ya kiwiliwili kwa zaidi ya mizunguko 16,000, na wakaridhika. Kwa nini kipande cha majaribio kiishi 16,000 na ndege zenyewe zife baada ya safari 1,290 na 900? Sababu ni kwamba kipande kile kilikuwa kimeshindiliwa kwanza hadi mara mbili ya shinikizo la kawaida ili kuthibitisha nguvu zake. Mzigo ule mkubwa uliyanyoosha mabati kwenye kona kupita unyumbufu wao, na ulipoondolewa, metali iliyozunguka ikayabana. Kona zikabaki katika mgandamizo wa kudumu. Ufa hauwezi kufunguka mahali panapobanwa. Ni lazima mzigo ushinde kwanza mgandamizo huo ndipo uanze kuvuta. Jaribio la usalama lilikiongezea kipande maisha, likawadanganya waliokisoma. Ndege zilizobeba abiria hazikupata kinga hiyo.

Comet 4, yenye bati nene zaidi na madirisha ya mviringo, ilinunuliwa na East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na ikaanza kazi mwaka 1960. Mwaka huohuo, tarehe 16 Mei, Theodore Maiman aliwasha taa yenye mwanga mkali kukizunguka kijiti cha rubi katika maabara ya Hughes huko Malibu, California. Rubi yake ilitengenezwa kiwandani, kwa kuwa kazi hiyo ilihitaji fuwele isiyo na dosari ambayo mgodi hautoi kwa urahisi. Kwa asili haikuwa tofauti na ile ya Matombo. Chembe za kromiamu zilipokea nguvu ya taa na kuitoa zote kwa pamoja, katika rangi moja nyekundu na mwelekeo mmoja. Mwali wa namna hiyo unaweza kukusanywa kwenye nukta ndogo mno, na kwenye nukta hiyo metali huchemka.

Matumizi yalifuata upesi. Mwaka 1964 Kumar Patel wa Bell Labs alitoa leza ya hewa ya kaboni, iliyoweza kufanya kazi mfululizo. Mwaka 1965 Western Electric walitumia leza kutoboa almasi za kuvutia waya. Na mwaka 1967 Peter Houldcroft nchini Uingereza alikata bati la chuma kwa leza iliyosaidiwa na mkondo wa oksijeni. Faida zilikuwa dhahiri. Leza haina makali ya kuchakaa, haisukumi bati, na hufuata mchoro wowote.

Alumini ilikataa kwanza. Bati lake huakisi sehemu kubwa ya mwali wa kaboni na kuurudisha ulikotoka, na kile kidogo kinachoingia husambaa haraka kwa sababu alumini hupitisha joto vizuri mno. Ilibidi kuongeza nguvu, kutumia mipigo mifupi, na baadaye kutumia leza zenye urefu mdogo wa wimbi ambao alumini huupokea kwa nafuu. Ukataji ukawezekana, na hapo ndipo tatizo la zamani la Comet liliporudi katika sura mpya.

Tuangalie kinachotokea. Mwali huyeyusha ukanda mwembamba wa bati, na hewa inayopulizwa kwa nguvu huusukuma ule uyeyuko utoke chini. Hautoki wote. Sehemu hubaki kwenye kuta za mkato na kuganda upya kwa haraka, ikawa tabaka jembamba lenye vishimo vya hewa na nyufa ndogo ndogo. Zinki na magnesiamu, ambazo huchemka kabla ya alumini, hupungua mahali hapo. Nyuma ya tabaka hilo pana ukanda ambao haukuyeyuka lakini ulichomwa, na humo vishada vya Wilm vimeyeyuka au kuvimba. Uso wenyewe hubaki na mistari ya mawimbi, na chini yake shanga za takataka. Kisha yote hupoa. Metali iliyoyeyuka hutaka kusinyaa, lakini metali baridi iliyoizunguka haiiruhusu, kwa hiyo ukingo hubaki ukivutwa kwa kudumu kabla hata ndege haijaruka.

Majaribio yakaonyesha kilichohofiwa: vipande vya aloi za ndege vilivyokatwa kwa leza, vikipakiwa na kupakuliwa, kwa kawaida huvunjika mapema kuliko vilivyokatwa kwa mashine ya kusaga na kulainishwa. Ipi kati ya sababu hizo ndiyo kubwa? Wapo wanaolaumu mistari ya mawimbi, kwa kuwa kila mfereji ni kona ndogo inayokusanya mkazo. Wapo wanaolaumu kulainika kwa bati. Ushahidi unaonishawishi zaidi ni rahisi: ukisaga sehemu ndogo ya milimita kutoka ukingoni, hata kama ukanda uliolainika haujaisha wote, sehemu kubwa ya maisha yaliyopotea hurudi. Basi kulainika si mkosaji mkuu. Mkosaji ni tabaka lililoganda upya, pamoja na mvuto uliofungiwa ndani yake, ambalo huupa ufa mahali pa kuanzia na nguvu ya kuanza nayo. Ndiyo sababu utaratibu wa kawaida wa sehemu zinazobeba mzigo mzito ni kukata kwa leza nje kidogo ya mstari, kisha kumaliza kwa mashine ya kusaga hadi metali safi.

Hofu hii haikuwa ya vitabuni. Tarehe 14 Mei 1977 ndege ya mizigo aina ya Boeing 707 ya Dan-Air iliondoka Nairobi kwenda Lusaka. Ikikaribia kutua, nusu ya kulia ya bawa la mkiani iling'oka, na watu wote 6 waliokuwamo wakafa. Ufa ulikuwa umeanza kwenye tundu la kifungio katika mhimili wa nyuma wa bawa hilo. Leza haikuhusika kabisa. Chanzo kilikuwa badiliko la muundo: juu ya bawa la mkiani palikuwa pamewekwa bati la chuma kisichopata kutu ili kuongeza ukakamavu, na mzigo kwenye matundu ukabadilika bila muundo mpya kujaribiwa kikamilifu kwa uchovu. Naitaja kwa sababu, pamoja na visa vingine vya muongo huo, iliwasukuma wasimamizi wa anga kuacha kuamini kwamba muundo wenye mihimili ya akiba hujilinda wenyewe. Badala yake walitaka ichukuliwe kwamba ufa upo tayari, kisha ihesabiwe utakua kwa kasi gani na ukaguzi ufanywe lini kabla haujafikia hatari. Ilibidi sasa kila njia mpya ya kukata au kutoboa ijibu maswali hayo.

Wakati upande mmoja wa wahandisi ukijifunza madhara ya leza, upande mwingine ulikuwa umekwisha kuona manufaa yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, katika taasisi ya Battelle huko Columbus, Ohio, watafiti walikuwa wakipiga metali kwa mipigo mifupi sana ya leza, ya sehemu ndogo za milioni moja ya sekunde. Bati hupakwa rangi nyeusi au kubandikwa utepe, kisha maji hupitishwa juu yake. Mwali hupita kwenye maji bila kuzuiwa, hugeuza ile rangi kuwa mvuke wa moto mkali, na mvuke huo, ukiwa umefungiwa chini ya maji, hauna pa kwenda ila kulisukuma bati. Wimbi la mshindo huingia ndani likiwa na nguvu inayoishinda metali. Joto huishia kwenye rangi; bati hupata pigo tu. Mwaka 1972 kundi hilo lilichapisha matokeo ya aloi 7075, na baadaye likajaribu matundu ya vifungio katika mabati ya ndege.

Pigo hilo hufanya kile kilichotokea bila kukusudiwa katika jaribio la de Havilland. Metali ya juu hutandazwa kupita unyumbufu wake, metali ya ndani huibana, na uso hubaki katika mgandamizo. Kulikuwa tayari na njia ya zamani ya kufanya hivyo, ya kurushia bati gololi ndogo za chuma, lakini kina chake hakizidi sana sehemu mbili au tatu za kumi za milimita. Mshindo wa leza unaweza kufika milimita moja au zaidi, na uso ukabaki laini kiasi. Ufa mdogo ukikutana na ukanda huo hupunguza mwendo, na mara nyingine husimama kabisa.

Njia hiyo ilikaa maabara kwa muda mrefu kwa sababu leza zenye nguvu hiyo zilipiga pigo moja kisha zikangoja dakika kadhaa kupoa. Ndege za kivita ndizo zilizoitoa nje. Mapanga ya injini ya ndege ya B-1B yalikuwa yakijeruhiwa na mawe na vipande vilivyomezwa na injini, na katikati ya miaka ya 1990 General Electric ilianza kuyapiga kwa leza ili majeraha yasigeuke nyufa. Mapanga hayo ni ya titani. Alumini ilifuata kwa njia isiyotarajiwa: katika Boeing 747-8 mshindo wa leza ulitumiwa kukunja mabati mazito ya mabawa yapate mviringo wake, na mgandamizo ukaachwa ndani kama faida ya ziada. Barani kwetu, kituo cha kitaifa cha leza cha CSIR mjini Pretoria pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand wamechunguza njia hii katika aloi za alumini za ndege.

Isidhaniwe kwamba mshindo wa leza ni dawa isiyo na gharama. Metali haiwezi kubanwa mahali pamoja bila kuvutwa mahali pengine, kwa kuwa kani zote ndani ya kipande lazima zilingane. Mgandamizo ukiwekwa juu, mvuto huhamia chini au pembeni mwa eneo lililopigwa. Katika bati nene mvuto huo hutawanyika na haudhuru sana. Katika bati jembamba la kiwiliwili unaweza kukusanyika, na ufa ukaanzia mahali ambapo mkaguzi hakuzoea kuangalia. Mpangilio wa mapigo, idadi ya tabaka zake na ukaribu wake na ukingo hubadilisha matokeo kutoka maisha marefu hadi mafupi, hata kama leza, rangi na aloi ni zilezile.

Leza za miaka ya karibuni zimeipunguza tofauti kati ya mikato miovu na mizuri. Mpigo ukifupishwa hadi sehemu za bilioni moja ya milioni ya sekunde, metali hugeuka mvuke kabla joto halijapata muda wa kusafiri, na tabaka lililoganda upya huwa jembamba mno. Kazi hiyo ni ya polepole, na kwa mabati ya unene wa kawaida mashine ya kusaga bado huishinda kwa gharama. Wengine wameunganisha njia mbili, wakikata kwanza kwa leza ya kawaida, wakasaga, kisha wakapiga ukingo kwa mshindo ili mvuto uliobaki ugeuzwe mgandamizo.

Kwa ndege ndogo zinazohudumia hifadhi na mashamba ya mkoa wa Morogoro, ambazo hupaa na kutua mara nyingi kwa siku kwenye viwanja vya changarawe, sehemu kubwa ya haya humfikia fundi kama kanuni katika kitabu cha matengenezo. Akiona ufa kwenye bati hutoboa tundu dogo kwenye ncha yake ili mkazo usipate pembe kali, kisha hukata kiraka cha aloi ileile. Kitabu humtaka kona za kiraka ziwe za mviringo, matundu ya ribiti yachimbwe kwa keekee na kusafishwa kingo, na ukingo wote wa bati upigwe tupa na msasa hadi alama za mkato zifutike, uwe ulikatwa kwa mkasi, kwa msumeno au kwa leza. Tarehe, idadi ya saa na idadi ya kutua huandikwa katika daftari la ndege, na ukaguzi unaofuata hupangwa kutokana na tarakimu hizo.